Jitu la Miraba Minne Lililotuchekesha

Jina la Charles Aaron Smith huenda halikuambii kitu. Lakini nikikutajia Hightower, yule afande mweusi mrefu kama mnazi katika filamu za Police Academy, najua utaanza kucheka hata sentensi hii sijaimaliza. Kanda zile zilizunguka sana mijini kwetu, kwenye madeki ya majumbani na kwenye mabanda umiza, na sisi tuliozaliwa baadaye tulizikuta kwenye CD zenye mikwaruzo ya kutosha. Hightower hakuhitaji mkalimani. Ukiona jitu la miraba minne linajikunja ili liingie kwenye gari dogo, Kiingereza cha nini?

Ninachotaka kuandika hapa ni historia ya mwili ule. Ulitoka wapi, ulifanyiwa nini kabla haujafika kwenye skrini, na ilikuwaje watu waliokuwa wakiupigia kelele uue, ndio haohao waliokuja kununua tiketi ili uwachekeshe. Maana mwenye mwili ule, Bubba Smith, alikuwa mcheza mpira wa kulipwa, tena si wa kubahatisha.

Tuelewane mapema kuhusu huo mpira. Si huu wetu wa Simba na Yanga. Ni mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia, ambao mpira wenyewe una umbo la yai na unashikwa kwa mikono. Kuna mtu anaitwa kwotabeki, huyo ndiye ubongo wa timu, anapokea mpira na kuamua aurushe wapi. Sasa upande wa pili kuna majitu ambayo kazi yake ni moja tu: kumfikia kwotabeki kabla hajaurusha na kumwangusha chini pamoja na mpira wake. Bubba alikuwa mmoja wa majitu hayo. Urefu wake ulipita mita 2, na kilo zake zilipita 120. Na mbio alikuwa nazo! Hapo ndipo ilipokuwa noma yenyewe, kwa sababu mtu mnene unaweza kumkimbia, lakini huyu hukimbii.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1945 katika mji wa Orange, jimbo la Texas, akakulia Beaumont, mji wa viwanda vya kusafishia mafuta. Baba yake, Willie Ray Smith, alikuwa kocha wa mpira huo katika shule ya sekondari ya Charlton-Pollard, kocha mwenye sifa kubwa, aliyeshinda mechi zaidi ya 200 katika maisha yake ya kazi. Watoto wake wa kiume wote watatu walipita mikononi mwake. Lakini Charlton-Pollard ilikuwa shule ya weusi, na shule za weusi wa Texas zilikuwa na ligi yao peke yao, hazikutani na za wazungu. Ubaguzi ulikuwa wa kisheria, umeandikwa, una mihuri. Kwa hiyo kocha huyo aliyeshinda mechi zote hizo hakuwa na nafasi ya kuonyesha kama angewafunga na jirani zake wa mtaa wa pili.

Bubba alitamani kuchezea Chuo Kikuu cha Texas, chuo kikubwa cha jimbo lake mwenyewe. Haikuwezekana. Timu ya chuo kile haikuwa na mchezaji mweusi, na haikumpata wa kwanza katika kikosi chake kikuu mpaka mwaka 1970, alipoingia Julius Whittier. Ona basi maajabu ya dunia: mwaka 1969 chuo hicho kilikuwa bingwa wa taifa zima kikiwa na kikosi cha wazungu watupu, miaka miwili tu baada ya mtoto wa Beaumont waliyemkosa kuchaguliwa namba moja Marekani nzima. Na kutoka Beaumont hiyohiyo alitoka Jerry LeVias, ambaye mwaka 1966 alikuwa mmoja wa weusi wa kwanza kucheza katika ligi ya vyuo vikuu vya ukanda ule, akiwa na chuo cha SMU cha Dallas. Mji mmoja huo, wengine wanaanza kufunguliwa mlango, Bubba keshaondoka zamani.

Alikwenda kaskazini kabisa, Michigan State, kama kilometa 2,000 kutoka kwao, kwenye baridi ya kugandisha mate. Kocha wa huko, Duffy Daugherty, alikuwa amegundua jambo ambalo wenzake wa Kusini walikuwa wanafumba macho wasilione: kwamba wachezaji wazuri wamejaa katika shule za weusi, na hakuna anayewachukua. Basi akawachukua. George Webster alitoka South Carolina, Jimmy Raye, aliyekuja kuwa kwotabeki wao, alitoka North Carolina, na Gene Washington alitoka Texas kama Bubba. Sitaki kumfanya Daugherty malaika. Alitaka kushinda, na akashinda. Ila matokeo yake ni kwamba katikati ya miaka ya 1960, wakati watu wanapigwa virungu Alabama kwa kudai kura, kulikuwa na timu ya chuo kikuu inayoongozwa na vijana weusi wa Kusini, na uwanja mzima wa wazungu unaishangilia.

Inashangiliaje? Hapa ndipo penye uzito. Uwanja ulikuwa ukiimba kwa pamoja: Ua, Bubba, ua! Maelfu ya wanafunzi, wasichana kwa wavulana, wengi wao hawajawahi kula meza moja na mtu mweusi, wanamwambia kijana wa miaka 20 aue. Najua, ni utani wa uwanjani, na sisi pia mashabiki wetu wana maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Lakini jiulize kijana yule alikuwa anasikia nini. Alikuwa mtoto wa kocha, mtoto wa walimu wa watu, anayejua mchezo kwa akili, na kelele yote ile ilikuwa inamwambia kwamba kinachotakiwa kwake ni ubabe tu. Mwaka 1983 alipotoa kitabu cha maisha yake, jina alilokipa lilikuwa kelele hiyohiyo.

Siku kubwa ilikuwa tarehe 19 Novemba 1966. Michigan State dhidi ya Notre Dame, timu mbili ambazo hazijafungwa, watu zaidi ya 80,000 uwanjani pale East Lansing, na televisheni inaonyesha nchi nzima. Mapema kabisa Bubba akamfikia kwotabeki wa Notre Dame, Terry Hanratty, akamwangusha kwa kishindo, bega likaumia, kijana akatoka hakurudi tena. Uwanja ukalipuka. Kumbe kwa kumtoa Hanratty walijiletea balaa jingine, maana aliyeingia, Coley O'Brien, alikuwa kijana mdogo wa umbo, tena mgonjwa wa kisukari, na ndiye aliyeitoa Notre Dame nyuma ya 10-0 mpaka ikawa 10-10. Mwishoni Notre Dame waliamua kukaa na mpira wapoteze muda tu, sare iwatoshe. Mpaka leo Michigan hawajawasamehe.

Mwaka uliofuata, katika uchaguzi wa wachezaji wa vyuo kuingia ligi za kulipwa, jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Bubba Smith. Alichukuliwa na Baltimore Colts. Katika majina manane ya kwanza siku ile, manne yalikuwa ya Michigan State. Ukiniuliza, orodha ile ndiyo hukumu ya kweli dhidi ya vyuo vya Kusini, kuliko hotuba yoyote.

Miaka ya Colts nitaipita haraka. Kulikuwa na aibu ya Januari 1969, kwenye Super Bowl ya tatu, ambapo Colts waliopewa ushindi na kila mtu walifungwa 16-7 na New York Jets ya Joe Namath. Bubba aliwahi kudai miaka mingi baadaye kwamba mechi ile ilikuwa na mkono wa mtu. Ushahidi hakuwahi kuuweka mezani, na sisi tunaojua maneno ya mechi zilizouzwa tunaelewa jinsi kufungwa kunavyouma mpaka mtu atafute mchawi. Januari 1971 wakashinda Super Bowl ya tano, 16-13 dhidi ya Dallas, kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Bubba akaitwa mara mbili kwenye mechi ya mastaa wa ligi. Kila kitu kilikuwa sawa.

Halafu goti. Mwaka 1972, katika mechi ya maandalizi tu, huko Tampa, Florida, alikuwa akikimbiza mchezo mpaka pembeni ya uwanja. Pale pembeni husimama watu wenye miti ya kuonyesha timu imefika wapi. Mti mmoja haukuondolewa kwa wakati. Bubba akaukumba, goti likaharibika, msimu mzima ukapotea. Alikuwa na miaka 27. Alikwenda mahakamani kudai haki yake, akashindwa. Baadaye alicheza Oakland na Houston mpaka 1976, lakini ile kasi iliyokuwa ikiwatia watu homa haikurudi. Mtu aliyeangusha magwiji wote wale akaangushwa na kijiti cha kupimia! Ningeandika hivyo kwenye riwaya, mhariri angeniambia nimetunga vibaya.

Sasa umefikisha miaka 31, mwili ni jengo, goti bovu, unajua kazi moja tu. Unafanyaje? Bubba alikuwa Los Angeles, mji wa filamu, na hakuwa wa kwanza kujaribu. Jim Brown alishatangulia, akawa staa wa filamu za bunduki. Fred Williamson naye hivyohivyo. Lakini hao waliendelea kuwa wababe, walibadilisha jezi tu. Aliyefungua njia ya kuchekesha ni mzungu mmoja, Alex Karras wa Detroit Lions, ambaye mwaka 1974 katika filamu ya Blazing Saddles aliingia mjini akiwa amepanda dume la ng'ombe, akampiga ngumi farasi wa watu mpaka farasi akaanguka. Watu walicheka mpaka machozi. Karras alikuwa ameshika siri: mwili mkubwa ukifanya jambo la kijinga kwa uso mkavu, hofu ya mtazamaji inakosa pa kwenda, inatoka kama kicheko.

Bubba aliijaribu siri hiyo kwanza kwenye matangazo ya bia, Miller Lite. Katika tangazo moja anasifia bia taratibu, kwa heshima zote, halafu anasema anapenda pia makopo yake yanavyofunguka kwa urahisi, huku akiling'oa kopo kichwa chote kwa mkono. Baadaye wakampa mwenzake, Dick Butkus wa Chicago Bears, naye kati ya watu waliokuwa wakali kupita wote katika mchezo ule, wawili hao wanajaribu michezo ya kistaarabu kama gofu na kuharibu kila kitu. Matangazo yale yalipendwa kuliko vipindi vyenyewe. Pesa ilikuwa nzuri, na hakuna mtu anayekugonga kichwa.

Ikafuata Police Academy, Machi 1984. Ilitengenezwa kwa dola kama milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 80 Marekani peke yake. Hadithi yake unaijua: meya anafungua chuo cha polisi kwa kila anayetaka, wanakuja makuruta wa kila namna. Anaulizwa Hightower, wewe kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani? Nilikuwa nauza maua. Basi. Hakuna mzaha mwingine unaoongezwa. Anasema kama wewe unavyosema ulikuwa unauza nyanya.

Nataka sisi tunaojifunza kuandika tulitazame jibu hilo kidogo. Mwandishi mchanga angemtungia Hightower maneno mengi, amfanye atambe, amfanye ajikwae, ahakikishe tumeelewa kwamba hapa ni pa kucheka. Bubba hafanyi hata kimoja. Anazungumza taratibu, sauti nzito ya chini, uso umetulia kama wa mzee wa msikiti. Usiku wa kuamkia mtihani wa udereva anamnong'oneza Mahoney kwamba hajaendesha gari tangu ana miaka 12. Wanachukua Honda dogo la watu. Kiti cha mbele hakimtoshi. Anaking'oa, anakitupa nje, anakaa kiti cha nyuma na kuendesha kutokea huko, mikono imefika kwenye usukani bila shida. Kinachochekesha si kung'oa kiti. Ni kwamba anaking'oa kama mtu anayesogeza kigoda apate kukaa.

Halafu kuna tukio jingine ambalo wengi huliruka wakisimulia filamu ile. Hooks, kuruta wa kike mweusi mwenye sauti ndogo kama ya kifaranga, anamkanyaga mguu kwa gari kuruta mzungu anayeitwa Copeland. Yule anamtukana tusi la rangi. Hightower hasemi neno. Anakwenda kwenye gari la polisi ambalo Copeland yumo ndani, analishika, analipindua chini juu. Kwa hilo anafukuzwa chuo. Wenzetu wanacheka, nami hucheka, lakini nikikumbuka Beaumont kicheko huwa kinakatika kidogo. Mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa 1945 hakuruhusiwa kulijibu tusi lile kwa mkono. Wazee wake walilimeza. Hapa amelipwa kulijibu mbele ya dunia, na dunia inashangilia, na mwisho wa hadithi anarudi, anawaokoa wenzake na kuvishwa nishani. Sijui kama walioandika filamu ile waliwaza mbali kiasi hicho. Mwili wa Bubba uliwaza kwa niaba yao.

Aliendelea kuwa Hightower katika filamu sita, moja kila mwaka, 1984 mpaka 1989. Za mwisho ni dhaifu, tusidanganyane. Ya saba, ya mwaka 1994, hayumo.

Ila kuna siku moja katikati ya umaarufu ule ambayo kwangu ni kubwa kuliko Super Bowl zote. Mwaka 1985 Michigan State walimwita awe mgeni wa heshima katika siku ile ambayo wahitimu wa zamani hurudi chuoni. Akapita kwenye maandamano, wanafunzi wamejipanga pande mbili za barabara. Zamani wangemwimbia aue. Sasa upande mmoja ukapiga kelele kwamba ina ladha tamu, na upande wa pili ukajibu kwamba haijazi tumbo. Ndiyo maneno ya tangazo la bia. Na wengi wao walikuwa wamelewa, vijana wa umri wa kuwa wadogo zake wa mwisho.

Bubba aliacha matangazo yale. Aliiacha kazi rahisi yenye malipo mazuri, ambayo hakuna aliyemlazimisha kuiacha, na akaeleza kwamba yeye mwenyewe hata pombe hakuwa mnywaji. Hakufanya mkutano wa kujisifu. Nimelifikiria sana tukio hili. Kelele ya kwanza ilimtaka aumize watu kwa mikono yake, na alikuwa kijana, akaitii, akalipwa. Kelele ya pili ilitoka uwanja uleule, na ilimwonyesha kwamba bado anaumiza, safari hii kwa kuchekesha. Ni wasanii wangapi wetu, wa filamu na wa muziki, wangesikia umati ukiimba tangazo lao wakashtuka? Wengi tungeomba tuongezewe mkataba.

Mwaka 1988 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mpira wa vyuo. Mwaka 2006 Michigan State waliistaafisha jezi yake, namba 95, isivaliwe na mwingine. Tarehe 3 Agosti 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Los Angeles, akiwa na miaka 66.

Ubongo wake ulipelekwa kwa wachunguzi. Mwezi Mei 2016 matokeo yakatangazwa: Bubba Smith alikuwa na ugonjwa unaoitwa CTE, unaotokana na kichwa kugongwa tena na tena kwa miaka mingi, na ulikuwa umefika hatua ya tatu kati ya nne. Ugonjwa huu huharibu kumbukumbu, hasira na uamuzi wa mtu, polepole, na hauthibitishwi mpaka mtu afe. Alikuwa mchezaji wa zamani wa NFL wa 90 kukutwa nao na watafiti wale wa Boston. Alex Karras, yule aliyempiga ngumi farasi, naye alikuwa ameugua kusahau kabla ya kufa Oktoba 2012, akiwa miongoni mwa maelfu ya wachezaji wa zamani walioishtaki ligi kwa sababu ya vichwa vyao.

Tangu nijue hilo, nikimtazama Hightower najikuta nataka kuchunguza. Ule utulivu, yale maneno machache, ule uso usiojikunja, je, ilikuwa sanaa au ilikuwa dalili? Kisha najizuia, maana swali hilo linamnyang'anya mtu kazi yake. Alikuwa na miaka 38 alipokuwa akiendesha ile Honda kutokea kiti cha nyuma, na ukiitazama vizuri utaona mtu anayejua kwa sekunde kamili ni lini ageuze shingo kumtazama Mahoney. Anasubiri. Anasubiri kidogo tena. Ndipo anageuka.